Kibeti Asiyenyolewa

Kinyozi huyu watu walimwita Bwana Haya, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Akimaliza kichwa cha mteja humpangusa shingo kwa taulo, humgonga bega kidogo na kusema, "Haya!" Maana yake: umependeza, shuka kitini, mwenzio anasubiri. Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Akishiba, haya. Akichoka na maongezi, haya. Kwenye simu ndiyo usiseme kabisa: anatoa la kwake, anatamka haya yake, kidole kimeshabonyeza, na wewe uliyebaki na neno mdomoni, shauri yako.

Alikuwa na binti mmoja na mti mmoja. Binti alimwita Twiga, kwa kuwa alirefuka mpaka akawa anainama kupita mlango wa saluni. Mti aliuita Kibeti. Ulikuwa wa jamii ya mtini, umepandwa kwenye bakuli pana la udongo, aina ya miti ambayo watu wa maua huiita bonsai: shina nene la kizee, majani madogo yanayong'aa, na kimo cha kuku aliyesimama. Aliuotesha kutokana na kijiti mwaka ule ule Twiga alipozaliwa. Mmoja akapaa, mwingine akabaki chini, na baba mtu akawapenda wote wawili bila kuwaambia.

Siku ambazo saluni ilifungwa, Kibeti alitolewa barazani na kufungwa kitambaa cha wateja shingoni, yaani shinani. Twiga angali mdogo ndiye aliyeshika kitambaa kibichi, maana mti huo ukiukata hutoa maziwa meupe yanayonata.

"Analia, Baba."

"Halii. Anatema mate. Mpanguse."

Kisha Twiga angeinama mbele ya mti na kuuliza kwa sauti ya baba yake, "Mbele tupunguze, bosi? Au tuache kidogo?" Na Bwana Haya, asiyejua kucheka mbele za watu, angegeuka kutafuta kitana ambacho alikuwa nacho mkononi.

Basi Twiga akakua, akapata kazi ng'ambo, akaenda. Baba hakumzuia wala hakumsindikiza. Alisema ana wateja. Mkewe ndiye aliyempeleka binti, akarudi amevimba macho, akamkuta mume anampunguza Kibeti majani hata yale yasiyohitaji kupunguzwa.

Twiga alikuwa akipiga simu. Siku moja alimpata baba yuko barazani, mkasi mkono wa kulia, simu kaibana kwa bega.

"Baba, shikamoo. Baba, nina jambo nataka kukuambia."

Sauti ilikuwa nzito. Bwana Haya alishtuka. Vilio havijui, hajawahi kuvijua, na alipoona kimoja kinakuja alikimbilia kwenye alichokijua. "Marahaba, mwanangu. Niko na Kibeti hapa, amekuwa kichaka, nimeshashika mkasi namnyoa. Mama yako hajambo. Haya!"

"Baba, usikate! Tafadhali, usikate!"

Akautazama mkasi. Akautazama mti. Moyo wake ukajaa. Kumbe mtoto huko aliko bado anamkumbuka Kibeti, hataki aguswe mpaka atakaporudi aje apanguse maziwa mwenyewe!

"Sikati, mwanangu, sikati. Haya!"

Akabonyeza.

Tangu siku hiyo Twiga alipiga simu ya mama yake tu. Waliongea kwa muda mrefu, wakacheka, na mwishoni likaja neno lile lile: "Msalimie Baba." Bwana Haya angekuwa pale pale sebuleni anafuta vumbi kwenye mashine ya kunyolea isiyo na vumbi. Alitamani sana aitiwe simu. Alijiambia kwamba mtoto ana haraka, ana kazi, akitaka kuongea naye ataomba. Mama akikata simu yeye huuliza, "Anasemaje?" kana kwamba hakusikia kila neno. Kisha huenda barazani kumwagilia Kibeti, na kumwangalia alivyorefuka bila mkasi, na kusema moyoni, nimekuwekea, mwanangu, ona nilivyokuwekea.

Lakini mti wa bakuli si wa kuachwa hivyo. Misimu ilipita. Matawi ya juu yalizidi kusongamana, ya ndani yakakosa mwanga na kukauka. Mizizi iliona bakuli limekuwa dogo, ikalipasua upande mmoja. Halafu majani yakaanza kuwa ya njano na kudondoka, na kila asubuhi mke alifagia baraza huku akiguna kwa makusudi.

Jirani yao anayeuza miche, mama mmoja mwenye mdomo, alipita akasimama. Alishika udongo, akakwaruza tawi kwa ukucha, akakuta kijani kidogo sana.

"Bwana Haya, wewe unanyoa mji mzima, huyu amekukosea nini? Punguza hivi, na mizizi nayo, umhamishie bakuli jingine. Ncha zilizo hai usitupe, zioteshe kwenye mchanga. Ukichelewa utamzika huyu."

"Siwezi. Mwenyewe kakataza."

"Mwenyewe nani?"

"Binti. Alinipigia akaniambia nisikate."

Mama wa miche alimwangalia mke wa Bwana Haya, mke akaangalia ufagio, na mama wa miche akajiendea zake akitikisa kichwa.

Mke akauweka ufagio chini. Alikuwa na jambo lililomkereketa siku nyingi, na sasa lilimtoka. "Mume wangu, hebu nieleweshe, maana nyinyi wawili mnanichanganya. Twiga ana kinyongo na huu mti. Nikimwambia ongea na baba yako, ananijibu, 'Nilimwomba asikate, akakata.' Nikamwapia kuwa hujakata, hata jani. Akasema, 'Mama, alikata. Nilisikia kwa masikio yangu.' Sasa mti unakatwa huku, mtu aliye ng'ambo anausikia vipi?"

Bwana Haya alifungua mdomo amjibu. Haya yake haikutoka.

Alikaa kwenye ngazi ya baraza. Aliona mkasi wa siku ile, simu begani, kidole chake kikishuka. Usikate. Hakusema usimkate Kibeti. Hakusema usiukate mti. Alisema usikate, basi, na yeye akamjibu sikati, mwanangu, kisha akamkatia.

"Yarabi," alisema. "Ilikuwa simu."

"Simu gani?"

"Alisema nisikate simu."

Mkewe alielewa pole pole, na alipoelewa alijishika kiuno, hajui acheke au amrushie ufagio. "Miaka yote hii! Miaka yote unamlea huyu kichaka!" Kisha akaiona sura ya mumewe, akaketi kando yake, akaitoa simu yake, akabonyeza jina la binti na kumpa.

Iliita sana. Hakuwahi kumwogopa mteja wala wembe, ila hofu ya binti yake asipokee, au apokee, ilimtoa jasho.

"Mama, shikamoo."

"Si mama."

Alisikia pumzi tu, na nyuma yake mlango ukifungwa, mlango wa nyumba asiyoijua.

"Twiga," alisema. "Usikate."

Kisha sauti, ndogo kuliko urefu wa mwenyewe, "Sikati, Baba."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akaanzia katikati, akataja bakuli kupasuka kabla ya kutaja mkasi, mkewe akawa anamsahihisha kwa kumfinya goti. Alipofika pale alipodhani ni mti, Twiga alicheka, na katikati ya kicheko akalia, na safari hii baba yake hakukimbilia popote. Alikaa akasikiliza.

"Siku ile ulitaka kuniambia nini, mwanangu?"

"Mambo yalikuwa yameniharibikia huku. Nilitaka kukuuliza kama chumba changu bado kipo."

Bwana Haya alifumba macho. "Kipo. Nimejaza viti vibovu vya saluni, lakini kipo."

"Ungeniambia hivyo siku ile, ningerudi kesho yake."

"Na sasa?"

"Sasa nimeshazoea, Baba. Nina kazi nzuri, nina watu. Nitakuja kuwatembelea. Ila nyumbani nawakumbuka mno. Hamjui tu."

"Tunajua," alisema baba, na lilimtoka kabla hajalizuia: "Mimi nakukumbuka kila siku ya Mungu."

Mkewe aliangalia pembeni. Twiga alipenga kamasi huko aliko, akauliza, "Kibeti yuko hai?"

"Anakufa. Ni wa kukatwa."

"Basi kata."

Kidole chake kilishtuka. "Nikate?"

"Mti, Baba! Kata mti. Simu usikate. Iweke hapo karibu, nisikie."

Akaiweka simu ukingoni mwa bakuli lililopasuka. Mkewe alileta kitambaa cha wateja wakamfunga Kibeti, akaleta mkasi, maji, na kopo la mchanga mbichi. Bwana Haya alitafuta tawi refu kupita yote, akashika juu kidogo ya jani, akakata. Maziwa yakachuruzika. Alichukua ile ncha, akapukutisha majani ya chini, akaisuuza, akaichomeka mchangani, akashindilia kwa vidole viwili.

"Hiyo ya kwanza ni yako," aliiambia simu. "Ikishika mizizi nitaiweka kwenye dirisha la chumba chako. Viti nitavitoa."

"Nimesikia," simu ikajibu. "Analia?"

Bwana Haya alichukua kitambaa kibichi, akaanza kupangusa, na hakuweza kuendelea. Mkewe akakichukua mkononi mwake.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Analia."