Waliokwenda Kamakis Kumwokoa Baba

Jumamosi asubuhi, hosteli yetu pale Thika ilikuwa na kazi mbili: kufua na kubishiwa hodi. Umeinamia beseni, povu limefika kwenye viwiko, unasikia mlango wa jirani ukigongwa, kisha wa jirani yake, na unajua wahubiri wa chuoni wako njiani. Walitembea wawili wawili, mmoja na Biblia, mwingine na daftari la kuandika majina. Swali lao halikubadilika.

"Dada, ukifa leo, unajua utaenda wapi?"

Msichana wa chumba cha mwisho aliwajibu, "Murang'a, kwetu, kuzikwa," akafunga mlango. Wengine walizima simu na kujifanya wamelala. Wengine waliandikisha majina ya uongo ili waachwe wafue kwa amani. Mimi sikuweza kudanganya. Nilikuwa nimelelewa kanisani kwetu Kiuu, upande wa Ruiru, nikabatizwa nikiwa mchanga, nikaja kufundisha watoto Jumapili. Nilipowaambia hivyo, walinitazama kama mtu aliyeonyesha kitambulisho cha marehemu.

"Hiyo ni dini, dada. Sisi tunaongea kuhusu wokovu."

Ilinikera hiyo. Ilinikera zaidi kwa sababu rumi wangu, tuliyelala chumba kimoja, alikuwa mmoja wao.

Alikuwa msichana wa Kinangop, mpole, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Nilipougua mwaka wa kwanza alinipikia uji siku nne mfululizo na kuninakilia masomo yote kwa mwandiko wake mzuri. Singeweza kumwita mnafiki hata ningetaka. Aliamini kabisa kwamba dunia inaungua na yeye ameshika ndoo.

Mwaka wa pili, alasiri moja ya mvua, aliniuliza kwa nini baba yangu haendi kanisani. Tulikuwa tumepita kwa baba wiki hiyo, pale Kamakis anakochoma nyama, na alikuwa ametukatia mbavu za mbuzi na kukataa tulipe. Rumi alikuwa amempenda. Nami, sijui ni mvua au ni nini, nikamwambia jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi.

Nilikuwa na ndugu mdogo. Alizaliwa na moyo mbovu, akafa akiwa na miaka sita. Tulimzika Gatundu, shambani kwa nyanya. Siku hiyo mhubiri mmoja mgeni, ambaye hakuna aliyejua nani alimwalika, alipewa maikrofoni aseme neno la faraja. Akasema mtoto huyu angekuwa hai kama nyumba hii ingekuwa na imani. Baba alikuwa ameshika koleo. Aliiweka chini taratibu, akatembea hadi barabarani, na hajaingia kanisa lolote tangu siku hiyo. Hakuwahi kulitaja jambo hilo. Mama huenda kanisani peke yake, na Jumapili baba huchoma nyama.

Rumi alilia. Akanishika mikono, akasema, "Nitaiweka kwa maombi."

Nikadhani kuweka kwa maombi ni kuweka siri.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, sahani mkononi. Nje ya mesi walikuwa wamefunga spika mbili kubwa kama walivyofanya kila Jumatano, na mhubiri wa siku hiyo alikuwa kijana wa mwaka wa mwisho, mwanafunzi wa uhandisi, kiongozi wao. Tulikuwa tumezoea kutomsikiliza. Mtu hula githeri yake huku akitishiwa jehanamu, na maisha yanaendelea. Kisha nikasikia:

"Kuna dada yetu mmoja hapa chuoni. Baba yake alizika mtoto, akaacha koleo juu ya kaburi, akamkimbia Mungu! Leo tunamrudisha huyo baba!"

Sahani iliniponyoka, ikagonga sakafu. Jina langu halikutajwa. Lakini nilihisi kwamba kila aliyekuwa kwenye foleni ile angeweza kulisoma usoni mwangu.

Nilimkuta rumi chumbani, amepiga magoti kando ya kitanda.

"Uliwaambia."

"Sikutaja jina."

"Ulitaja koleo!"

Aliinuka, macho mekundu. "Watu wamefunga leo kwa sababu ya baba yako. Tangu asubuhi hawajatia kitu mdomoni. Watu hawamjui hata. Wewe unaona hiyo ni matusi?"

Utamfokea vipi mtu anayeshinda njaa kwa ajili ya baba yako? Nilimwambia tu asiwahi tena kutaja habari za nyumbani kwetu kwa mtu yeyote. Akanyamaza. Nikachukua kule kunyamaza kama ahadi. Hilo lilikuwa kosa langu la pili.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikuwa nafua simu ikalia. Ni baba. Baba huwa hapigi simu Jumamosi, siku yenye wateja wengi.

"Maitu." Huniita hivyo, mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Maitu, uko wapi?"

"Niko hosteli, Baba. Nafua."

"Uko mzima?"

"Niko mzima. Kuna nini?"

Nilimsikia akivuta pumzi kwa mdomo, kama mtu aliyepanda mlima. Kisha akasema, "Basi kuja hapa Kamakis. Kuna wageni wako."

Nilikwenda na nguo zilizolowa kifuani. Nilishuka Ruiru, nikachukua bodaboda, na nilipofika nilimwona baba kabla hajaniona. Alikuwa ameketi juu ya gunia la makaa, koti lake jeupe la kazi limefunguliwa vifungo. Mbele yake alisimama yule kijana wa uhandisi, mkono mmoja begani mwa baba, mwingine juu, akiomba kwa sauti. Rumi alikuwa kando, amefumba macho. Wateja walikuwa wameacha nyama zao wanatazama. Mmoja alikuwa akichukua video.

Mama wa kaunta alinivuta pembeni, akanieleza. Vijana walikuja, wakauliza baba yangu yuko wapi. Alipojitokeza akifuta mikono, kijana alimwambia kwa sauti nzito ya mahubiri, "Mzee, sisi tumetoka chuoni. Tumetumwa kwako kuhusu mtoto wako."

Baba akadhani nimekufa.

"Miguu ilimwisha, nakwambia," mama wa kaunta alisema. "Alikaa hapo kwa makaa, puu! Akaanza kukuita jina. Hao wakafikiri ni Roho amemshukia. Wakaanza kuomba. Ilibidi mimi nimpe simu nimwambie, pigia msichana wako kwanza. Na mpaka sasa hawajaacha."

Nilimsukuma yule kijana, mkono wake ukatoka begani mwa baba. Sikuwa nimewahi kumsukuma mtu.

"Dada, tulia," alisema. "Mzee ameguswa. Si unaona machozi?"

"Hayo machozi ni yangu! Alidhani ni mimi!"

Rumi alifumbua macho, na nikaona akielewa. "Ngai, Mungu wangu," alisema. "Sisi tulikuwa tunamaanisha kijana. Yule aliyekufa."

Alilisema mbele ya baba, na wateja wakiwa pale pale.

Baba alinyanyuka. Alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Nilitamani awafukuze, atukane, ashike hata kisu chake cha nyama. Badala yake alikwenda kwenye jiko, akatoa kipande cha paja, akakikatakata juu ya ubao, akaweka kachumbari na ugali, akawasogezea.

"Kuleni muende," alisema. "Mmetoka mbali."

Wakala, jamani. Kijana wa uhandisi alikula. Rumi alishika kipande kimoja hadi kikapoa mkononi.

Walipoondoka, baba aliniuliza akiwa ananipa mgongo, "Ni wewe uliwaambia?"

"Ni mimi."

Akaendelea kukata nyama.

Jumatatu nilipeleka malalamiko katika ofisi inayoshughulikia wanafunzi. Mama wa ofisi alinisikiliza vizuri, akaandika, kisha akaweka kalamu chini. "Lakini msichana wangu, hawakumpiga mtu. Walimwombea. Kuna vijana hapa wanavuta bangi, hao mbona hamleti ripoti?"

Hata hivyo malalamiko hayakuwa yangu pekee, na mwishowe tukaitwa ukumbini. Nilisimama nikaeleza. Nilipomaliza, walionishangilia zaidi walikuwa wale vijana wa nyuma wanaocheka kila mwenye imani, ambao waliwaita rumi na wenzake wajinga na vipofu. Mmoja alinipa tano. Nilitaka kumrudishia mkono wake. Mimi huomba kabla ya kulala, hakuniuliza.

Aliyesema neno lililonifaa alikuwa msichana Mwislamu wa chumba cha mkabala na chetu, mtu wa Garissa. "Wamenialika kanisani kila wiki kwa mwaka mzima," alisema. "Wangeniuliza mara moja tu mimi naamini nini, ningekaa nao mpaka jioni." Kisha kijana wa uhandisi akasimama, akatangaza kwamba wanateswa kwa ajili ya jina la Bwana, na upande wake ukaanza kuimba.

Uamuzi ulikuwa kwamba spika zihamishwe kutoka mesi hadi uwanjani. Sasa zinasikika mesi na uwanjani. Kuhusu milango, tuliambiwa asiyetaka wageni abandike karatasi. Nilibandika. Jumamosi iliyofuata waligonga kuniuliza kwa nini nimebandika karatasi.

Rumi aliniomba msamaha mara tatu, na kila mara msamaha wenyewe uliishia na "lakini." Lakini nia ilikuwa njema. Lakini Mungu anaweza kutumia hata kosa. Mara ya tatu nilimwambia nimesamehe, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, na muhula ulipoisha nikarudi kuishi nyumbani Kiuu. Siku ninafunga virago alinisaidia kubeba godoro hadi getini. "Bado namwombea baba yako," alisema. Nilimwomba aache. Alifikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa, akasema hawezi.

Mama nilipomweleza yote alisema nisimchukie msichana wa watu. Kisha akaingia jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji.

Baba hajanilaumu hata kwa neno moja. Nikipita Kamakis bado hunikatia mbavu, huuliza masomo, husema mvua imechelewa, mbuzi wamepanda bei. Zamani angeniambia mambo mengine: jinsi alivyokutana na mama, alivyolala njaa Githurai alipokuja kutafuta kazi. Sasa tunaongea mvua.

Mwezi uliopita nilijikaza. Ilikuwa asubuhi, jiko ndio kwanza linashika moto, wateja bado. Nikamuuliza ndugu yangu alipenda kula nini, kwa sababu mimi nimesahau, na nilijua yeye anakumbuka.

Baba aliinua uso, akatazama mlango, akatazama barabara.

"Hapa kuna watu," alisema.

Tulikuwa sisi wawili tu.