Hewa Ndani ya Kisu

Fundi wa laboratwari pale Uvira hagusi chuma kabla hajafuta vidole, kimoja kimoja, na kazi yake huipima kwa ukucha wa kidole gumba. Kisu cha mashine yangu ya mpunga alikilaza ndani ya tanki la kioo, akanyonya hewa karibu yote, akawasha umeme. Ndani kukang'aa zambarau. "Umeme iko inapigilia ile hewa kidogo ndani ya chuma, mama. Chuma itakomaa, itakuwa ngumu," akaninong'oneza, kana kwamba kisu kimelala. Huku Bwegera visu vilikuwa vinaniishia kwa mwezi. Hiki kimemaliza mavuno mawili. Juzi nilimpelekea mchele wa kumshukuru, na kisu chenyewe akione. Mchele hakuutazama. Alifuta vidole, akapitisha ukucha kwenye makali, akafumba macho. "Aksanti, mama," akasema, kabla mimi sijafungua kinywa.