Mgeni Aliyekuja Kuchukua Majibu

Juzi kijana mmoja hapa Biharamulo mjini aliniona nikinunua kadi dukani, akaniuliza kwa dhihaka kama bado kuna watu wanaotumiana kadi za Krismasi na za siku ya kuzaliwa. Nikamwambia wapo, na mimi ni mmoja wao, na kadi ikinifikia silali kabla sijaijibu. Akacheka. Acheke. Wewe usicheke kwanza. Haya ninayokusimulia niliyaona mwenyewe, jua halijazama, sijaonja hata pombe, mikono imejaa chokaa.

Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo miguu yangu haikutulia. Mwaka ule watu wa ng'ambo ya mpaka walipoanza kumiminika wakikimbia vita, nilitoka kwetu Bisibo nikaenda hadi Kabanga, pale mpakani, kwa sababu tu nilitaka kuona. Huko nikapata kibarua kwa Mzee Stanslaus, mwenye nyumba kubwa kando ya barabara. Siku ya Krismasi wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake wa pekee, Godeliva. Mzee alitaka wakute kuta zinang'aa, nami ndiye niliyepaka chokaa.

Kulikuwa na kadi pia. Alikuwa amevuta uzi sebuleni toka kona hadi kona, akatundika kadi zote za Krismasi alizowahi kutumiwa, nyingine zimepauka mpaka huoni tena kilichochorwa. Wakwe wakiziona wangejua wamefika kwa mtu anayejulikana. Mimi na udadisi wangu, nikawa nauliza hii ya nani, ile ya nani. Ile ya katikati, kubwa kuliko zote, yenye kengele mbili za dhahabu, ilitoka kwa Venanti, mwalimu wa ng'ambo waliyesoma naye shule moja ya misheni. Hakukosa kutuma mwaka hata mmoja.

"Na wewe mzee unamtumia?" nikauliza.

"Mtu mkubwa hutumiwa," akasema. "Hatumi."

Godeliva alikuwa akisiriba baraza kwa udongo. Akasema polepole kwamba hiyo ya kengele, iliyokuja mwaka huu, ilikuwa na swali ndani. Baba yake akamwambia afanye kazi yake.

Siku zile watu walipita barabarani wamejitwika magodoro na masufuria, wengine wakasimama kupiga hodi waombe maji. Mzee hakuwajibu. Ukimwitikia mmoja, alisema, umewaitikia wote.

Mkesha wa Krismasi, alasiri, ukungu ulishuka mpaka migomba ya uani ikapotea. Godeliva alikuwa jikoni nyuma. Tukasikia hodi. Mzee akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha. Hodi ya pili. Ya tatu. Sasa niambie, wewe ulilelewa na nani hata usiitikie hodi ya tatu? Kinywa changu kikajisemea: "Karibu."

Akaingia mwanamume mrefu wa koti jeusi, kofia mkononi. Akaegemea ukuta niliotoka kuupaka wakati uleule. Nikataka kumwonya kwamba atachafuka. Aliposimama wima, koti halikuwa na doa, wala ukuta haukuwa na alama. Niamini, nimepaka nyumba nyingi: chokaa mbichi haimwachi mtu.

Mzee alimtambua. Lakini kiburi hakikumtoka. "Nyumba imejaa," akasema, hata salamu hakuna. "Wenzako wanapokelewa kambini."

"Sikuja kulala, Stanslaus. Nilikuuliza, nikivuka na watoto utanipokea? Swali langu ukalifanya pambo."

"Posta siku hizi inapoteza vitu."

Mgeni akaelekeza kofia yake kwenye zile kengele mbili. "Hiyo mbona haikupotea?"

"Basi unataka nini?"

"Majibu."

"Majibu gani?"

"Yote uliyo nayo."

Akamsogelea, akamwekea kiganja kooni taratibu, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe uliniitikia. Baki na yako." Akatoka. Nilikimbilia barazani nikakuta ukungu tu.

Mzee aliketi kidogo, kisha akanitukana kwa kufungulia watu mlango, akaniamuru nimalize ukuta. Sauti yake ilikuwa ileile. Tungejuaje?

Asubuhi Godeliva alimpa shikamoo, hakujibiwa. Akadhani baba amekasirika. Misa mzee hakwenda, alisema kichwa kinamgonga. Baada ya misa wakwe wakafika, nguo zimenyooshwa, mshenga mbele. Akapiga hodi. Mzee akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kijana aliyekuja kuposa akainama: "Shikamoo, baba." Kimya. Shingo ya mzee ilikakamaa kama ya mtu aliyekabwa na ugali.

"Viti vipo," akasema ghafla. "Pombe ipo." Maneno mengine yote alikuwa nayo. Jibu la salamu ndilo halikuwapo.

Mshenga akatazama zile kadi, akatutazama sisi. "Huyu amezoea kusalimiwa kwa karatasi," akasema. "Tumekuja kuomba mke, hatukuja kuomba maji ya njiani. Kama salamu yetu ni takataka, ng'ombe wetu watakuwa nini?" Nilijaribu kueleza, wakaniuliza mimi nani. Wakaondoka. Yule kijana aligeuka mara moja kumtazama Godeliva, basi. Hawakurudi.

Nikaenda kambini kumtafuta Venanti, nikitaka mzee amwombe radhi. Nilimpata dada yake. Akaniambia kaka yake hakuvuka. Majirani walipokimbia, yeye alikataa, akisema mtu haingii nyumba ambayo hajaitikiwa, tungoje jibu. Wakangoja, yeye na watoto, mpaka njia ya kijijini kwao ikafungwa. Alizikwa kabla sijafika Kabanga.

Mzee aliishi miaka mingi. Godeliva hakuolewa. Aliketi kando ya baba yake akiitikia watu kwa niaba yake, marahaba, karibu, marahaba, mpaka siku mzee alipozikwa. Bado ananitumia kadi kila Krismasi, na ile niliyonunua juzi ni jibu lake.

Wewe unayesema kadi zimekwisha, salamu hazijakwisha. Kama huna nafasi, mwambie mtu huna nafasi. Hilo nalo ni jibu. Hebu itazame simu yako sasa hivi. Nani amekusalimia, nawe umemwacha mlangoni?