Timu Nne Zilizonichelewesha Kurudi Voi

Jana mjukuu wangu alitoka ndani amevaa jezi ya kijani inayomfika magotini, ina picha ya kipanga kifuani, akaenda nayo kulisha mbuzi. Mbuzi wenyewe walishtuka. Akanigeukia: "Nyanya, hii ni timu gani?" Nikaketi kwenye ngazi ya jikoni, maana swali hilo siwezi kulijibu nikiwa nimesimama. Linanipandisha presha mpaka leo.

Keti na wewe, mwenzangu, nikusimulie, kwa sababu mtoto yule hakungoja jibu.

Unaikumbuka ile miaka ya maajenti? Ukitoka kanisani unakuta ajenti, ukienda posho mill unakuta ajenti, wote wanaimba Saudia, Saudia. Mimi pia nilienda. Nilimwacha binti yangu mjamzito, nikaenda Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah, nyumba ya ghorofa mbili yenye ngazi za marumaru ambazo magoti yangu hayajazisamehe. Mjukuu alizaliwa nikiwa nakaanga sambusa za Ramadhani. Niliposikia kwenye simu nikaangua kilio cha furaha, sambusa zikaungua, madam akaja mbio akidhani nyumba inawaka. Nilipomwambia, akanikumbatia na unga wangu wote, halafu akaniambia nikaange nyingine.

Mkataba wangu ukaisha. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kumbeba yule mtoto kabla hajajua kutembea. Mtoto akishatembea hataki tena kubebwa na mgeni, na mimi kwake nilikuwa mgeni. Lakini karatasi ya kutoka nchini iko mkononi mwa kafili, yule mwajiri anayekudhamini, na kafili wangu alikuwa baba mwenye nyumba, na baba alikuwa ameshikwa na wazimu wa mpira.

Sio mpira huu wetu. Ni ule wa Kiamerika, mpira wenye umbo la papai. Baba alisomea huko akarudi nao kichwani. Riyadh walikuwa na ligi yao tayari, Waamerika wa kompaundi na marafiki zao, wakamwambia timu zimejaa, akipenda akae pembeni abebe maji. Alirudi nyumbani amevimba kama andazi. Akasema ataanzisha ligi yake, ya wachezaji wa kulipwa, Riyadh na Jeddah. Akasema hata huko Amerika kuna matajiri walionyimwa timu wakaunda ligi yao ya ushindani, watu wakawaita wajinga, na mwishowe wale wakubwa wakaja wenyewe kuomba waungane. Hadithi hiyo niliisikia mpaka nikaweza kuisimulia kwa Kiarabu changu cha jikoni.

"Mama," akaniambia, "ligi ikifunguliwa tu, kesho yake uko kwenye ndege. Lakini sasa hivi nina wageni kila Ijumaa. Ukiondoka nani atapika?"

Basi nikawa naisubiri ligi kama mwanamke anavyosubiri mvua na nguo ziko kambani.

Timu za kuanzia zilikuwa nne. Vipanga wa Riyadh, timu ya baba. Mbwa Mwitu wa Riyadh, ya mzee mmoja muuza magari, mwenye tumbo la heshima. Nyangumi wa Jeddah, ya bwana mwenye hoteli. Na ya nne ilikuwa ya daktari wa Jeddah ambaye hatukumwona hata siku moja. Timu yake ilikuwa ndani ya simu. Walimpigia, akasema inshallah, wakaandika timu.

Kila Ijumaa nilipika kabsa, ule wali wao wa nyama ya mbuzi, nikachemsha kahawa na iliki mpaka nywele zangu zikanukia iliki, nikapitisha sinia kwenye kidirisha cha kuingia majlisi, sebule ya wanaume. Kidirisha kile hakifungiki vizuri. Nilisikia kila kitu. Na unajua waliongea nini, miezi yote ile? Sio wachezaji watalala wapi. Sio nani atawafundisha vijana kugongana bila kuvunjana shingo. Walibishania ni timu ya nani itakayotajwa kwanza.

"Mimi ndiye mkubwa kwa umri," anasema mzee wa magari.

"Wazo lilikuwa la nani?" anasema baba.

"Bila Jeddah," anasema mwenye hoteli, "hii sio ligi, ni ugomvi wa mtaa mmoja."

Mzee anasimama, anadai viatu vyake. Anabembelezwa. Anakaa. Kahawa nyingine.

Jioni napanda darini kuanika zile jezi na yale mabega ya plastiki wanayovaa. Yananuka kama beberu aliyenyeshewa. Siku moja nilikuta meno kwenye sinki, nikapiga yowe, nikadhani mtu amepoteza kinywa. Kumbe ni mpira wa kukinga meno. Ng'ambo ya ukuta, dari ya pili, alikuwa jirani yangu, msichana wa Machakos, mdomo mrefu kuliko kamba ya nguo.

"Nyanya! Hao wababa wako bado wanacheza kalongolongo?"

"Wamepata rangi ya jezi. Sasa wanagombana nani wa kwanza."

"Ukifika home huyo mtoi atakuwa na ID!"

Nilimrushia kibanio cha nguo, akakidaka, hakurudisha.

Lakini alinichoma. Usiku huo nilikumbuka sisi tukiwa wadogo, nyuma ya stesheni ya Voi, tukicheza kati na mpira wa matambara. Mwenye mpira akikosewa anaubeba, anaenda kwao, mchezo umekufa. Sisi tulikuwa na miaka saba. Hawa walikuwa na ndevu. Na huku binti yangu ananiambia kwenye simu: mama, ameanza kukaa. Mama, anatambaa. Mama, leo amesimama, ameshika kiti. Nikamwambia mketishe! Binti yangu akacheka. Mimi sikuwa natania.

Mwishowe madam mwenyewe alichoka. Alimwambia baba mbele yangu, "Ama mcheze, ama wageni wako wakale hotelini." Wiki ile ile wakapanga mechi ya ufunguzi, Jeddah, Vipanga na Nyangumi.

Tulihamia kwa muda kwenye fleti huko Baghdadiyah. Ukitaka kujua tofauti ya miji ile miwili, fua jezi. Riyadh inakauka kabla hujamaliza kuanika, inakuwa ngumu kama chapati ya juzi. Jeddah unaianika asubuhi, jioni bado inatoa jasho peke yake. Niliwapeleka vijana wale kwenye mechi na jezi mbichi na sikuona haya.

Uwanja ulikuwa ndani ya istiraha, mahali pa kukodi pa kupumzikia, ukuta mrefu pande zote na nyasi katikati. Mimi na madam tulibaki garini, vioo vyeusi, tumelielekea lango. Dereva wetu Mpakistani alishuka na sufuria yangu ya kabsa, akaingia nayo. Halafu mabasi mawili yakafika, vijana wakashuka na helmeti zao, wakubwa kama kabati. Wakasimama langoni.

Wakasimama tu.

Nikateremsha kioo kidogo. Walikuwa wanabishania timu gani iingie kwanza! Baba anasema Vipanga ndio waanzilishi. Mwenye hoteli anasema hapa ni kwake, mgeni haingii kabla ya mwenyeji. Mzee wa magari, ambaye timu yake haichezi hata siku hiyo, anasema basi aingie yeye. Jua linateremka. Baba akavua kilemba chake, akakitupia begani, na mimi nikajua ishara hiyo: sasa hivi atasema halas, twendeni Riyadh. Akilini nilimwona mjukuu wangu anaachilia kile kiti.

"Madam," nikasema, "wakirudi leo mimi nitatembea kwa miguu mpaka Voi."

"Wallahi nitakufuata," akasema madam.

Ndipo adhana ya magharibi ikalia. Na bomba la kutawadhia lilikuwa ndani, na mikeka ilikuwa ndani. Basi lile lundo lote, Vipanga, Nyangumi, matajiri, wakamiminika langoni kwa pamoja, bega la plastiki kwa bega la plastiki, hakuna aliyemngoja mwenzake. Wakatawadha wakasukumana. Wakajipanga safu kwenye nyasi, na kwa sababu ya yale mabega safu ilienda ndefu mpaka ukutani. Dereva wetu alikuwa ameshatandika mkeka, kwa hiyo akawa mbele, wao nyuma yake. Kukawa kimya. Mimi ni Mkristo, lakini niliinamisha kichwa pale garini.

Walipomaliza, wote walikuwa ndani tayari. Mambo ya lango yakafa.

"Nani ameingia kwanza?" madam akaniuliza.

"Sufuria yangu, madam."

Akacheka mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Huko uwanjani wakarusha lile papai, wakagongana mara moja, wakalala chini, wakaamka, wakakusanyika kuongea. Nilishuka na baibui langu, nikaenda mpaka langoni. "Baba," nikamwita, "ligi imefunguliwa. Yalla, karatasi yangu." Akachukua simu, akaiagiza karatasi yangu pale pale.

Aliitimiza ahadi yake, simsemi vibaya. Akanipa na jezi, zawadi.

Nilishuka Voi asubuhi. Mtoto hakuwa anatembea. Alikuwa anakimbia. Aliniona na mizigo yangu, akapiga ukelele, akakata kona nyuma ya tangi la maji. Nikatupa begi, nikamfukuza na gauni langu la safari, nikamdaka kama nilivyowaona wale, mikono kiunoni, tukaanguka wote. Akaniuma mkono. Nikamfunika na ile jezi, kwa maana ndiyo iliyokuwa karibu, akalia humo ndani mpaka akalala.

Ligi yenyewe haikufika mbali. Yule msichana wa Machakos alinipigia akaniambia mzee wa magari amejitoa, daktari hajaonekana, mabega ya plastiki yanauzwa. Na yeye mwenyewe alikuwa anafunga mizigo. Leo sijui nani anaanika nguo kwenye dari zile. Hatua za kwanza za ligi ya matajiri niliziona kwa macho yangu, kupitia kioo cha gari. Za mjukuu wangu nilisimuliwa.

Jana aliporudi kutoka kwa mbuzi, jezi imejaa mavumbi, aliniuliza tena kama hiyo timu ilishinda. Nikamwambia sijui, mimi nilikuwa nakuwahi wewe.

"Ukaniwahi?"

Nikamwambia avue hiyo jezi niifue.