Munyu na Ukwaju Katika Chungu Kimoja

Bado naiona siku ile, mwanangu, kama ndoto ambayo sijaamka vizuri kutoka kwayo. Ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa nimetoka kwetu Bukhayo kuolewa hapa Chakol, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilikuwa nampikia nyanya yako, mama mkwe wangu, mrenda, ile mboga ya majani inayoteleza. Nilitaka aonje tu, anikubali.

Kwetu mrenda haupikwi bila munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe. Unatia kijiko tu, mboga inalainika na kubaki kijani kama shamba baada ya mvua. Nilikuwa nao kwenye jagi, umetulia, rangi ya chai. Nikatoka kuchukua kuni. Kurudi, nakuta baba yako anatabasamu.

"Nimekuongezea supu, mpenzi."

Jagi lilikuwa tupu!

Nikaonja, ulimi ukawaka. Nikatia maji, nikatia tena, mpaka chungu kikajaa. Ukali ulipungua, lakini uchungu ulikuwa umeyeyuka ukaenea kila tone. Machozi yakanitoka.

Nyanya yako akaingia, akaonja. "Nani amepika sabuni hapa?"

"Ni mimi, mama. Nilidhani ni supu," baba yako akasema.

"Supu ya majivu! Hebu toka jikoni."

Kisha akanigeukia. "Usilie, msichana wa Bukhayo." Akaleta maji ya ukwaju aliyokuwa ameloweka kwa ajili ya ugali wa wimbi. Akatia kidogo. Mboga ikatoa povu, ikanong'ona. Akakoroga, akaonja, akatia kidogo tena, halafu akaacha.

"Mbona humalizi, mama?"

"Nikimaliza tutakula uchachu. Na tumbo lina uchachu wake tayari."

Mimi shule niliishia kidato cha pili, lakini hilo nililikumbuka: asidi kama ukwaju na besi kama munyu zikikutana kwa kipimo, zinatulizana. Nikaliangalia povu likizama polepole, na moyo wangu nao ukazama mahali pake. Mboga ile haikuwa ya kwetu wala ya kwao. Lakini tulipokaa kula, nyanya yako akajiongezea ugali. "Kesho," akasema, "unifundishe huo munyu."

Basi mwanangu, ukikutana na mtu mkali, usimjibu kwa ukali wake, wala usimzamishe kwa maneno mengi. Tafuta kile alichokosa, mtilie kidogo kidogo, uonje, ujue na kuacha. Mungu akupe mkono mwepesi, na nyumbani kwako maji, munyu na ukwaju visikauke.