Mlango wa Kumi

Warsha ilipangwa kwa Jumamosi nne mfululizo, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa mtaa, na tangu Jumamosi ya kwanza Mwalimu ndiye aliyetangulia kufika. Alikagua viti, vile viwili vyenye miguu iliyolegea akavisogeza ukutani, akafuta meza ya mbele kwa leso yake, kisha akaketi, mkoba mapajani. Wajumbe wenzake wa baraza la mtaa walikuja dakika ishirini baadaye wakiburuta miguu, wakamwamkia mmoja mmoja kama watoto waliochelewa darasani. Fundi viatu, ambaye kweli aliwahi kuwa mwanafunzi wake, alimnong'oneza aliyeketi naye kwamba huyu mama hata akilala anasahihisha. Mwalimu alisikia. Hakugeuka, ila midomo ilimcheza kidogo.

Alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka thelathini na mmoja. Marehemu mumewe, mpima ardhi, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa mtaa ule, enzi ambazo mtaa wenyewe ulikuwa nyumba kumi na mbili na mtaro usio na kivuko. Yeye ndiye aliyewashawishi watu waache upana wa njia kabla hawajajenga kuta, na ndiyo sababu hadi leo gari la wagonjwa linaingia hadi mwisho. Alipofariki, baraza lilimwomba mjane akalie kiti cha ujumbe, naye akakipokea kama mtu anavyopokea amana. Watu waliposema "familia ile," walinyoosha mgongo kidogo. Watoto wawili walisoma wakaenda mbali. Sauti haikupata kupanda katika nyumba yake, wala hapakuwa na jirani aliyepata kuazima neno la kwenda kulisema kwingine.

Isipokuwa siku moja, na siku hiyo sauti haikuwa yake.

Ilikuwa msibani, miaka sita iliyopita. Mdogo wa marehemu, mwanamke aliyeishi peke yake nyumba ya kumi kutoka kwao akishona mapazia, alisimama katikati ya waombolezaji akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Kaka yangu amekufa akiita mtu. Na wa kuitwa alikuwa mkutanoni, anapanga mambo ya majirani." Kisha akaketi.

Mwalimu hakujibu. Angeweza kusema kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemtuma mkutanoni asubuhi ile, kwamba alimwambia nenda ukae badala yangu, mimi moyo umetulia leo, usiache kiti chetu wazi. Hakusema. Kujitetea mbele za watu aliona ni kukubali kwamba kuna kesi. Alifunika kombe, akapokea rambirambi zilizobaki kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena mlango wa wifi yake. Wakikutana njiani walisalimiana vizuri mno, kama watu wa ofisini, hata mtaa ukaamini kwamba yale ya msibani yalikuwa uchungu tu na yamekwisha.

Sasa mwezeshaji wa warsha, binti mwembamba asiyependa maneno mengi, alikuwa amebandika ukutani karatasi kubwa yenye ramani ya mtaa. Aliwaambia wajumbe kwamba baraza lisilojua watu wake ni baraza la viti. Kila mjumbe angebisha hodi milango kumi ya safu yake mwenyewe na kuuliza maswali matatu: Nani anaishi humu? Unajua kufanya nini? Ukianguka humu ndani, utamwita nani? Atakayekosa jibu la swali la tatu angepangiwa jirani wa kumgongea kila asubuhi, hata kwa dakika moja, na kumwuliza ameamkaje. Alisisitiza jambo moja, akalirudia: fomu haijazwi mezani. Inajazwa mlangoni, kwa maneno ya mwenye nyumba.

Mwalimu alidhani kazi hiyo ingemchukua asubuhi moja, maana safu yake aliijua kama jedwali la kuzidisha. Ilimchukua siku tatu. Katika mlango wa pili aligundua kwamba yule dereva mnene aliyekuwa akimwona mvivu alimlea mama yake kipofu, akimsuka nywele mwenyewe kila Ijumaa. Mlango wa sita, baba wa watoto wanne alicheka alipoulizwa angemwita nani, akasema angemwita mwenye nyumba, kwa kuwa huyo haachi kumtafuta kwa ajili ya kodi hata akiwa mzima. Mlango wa tisa alikaribishwa kiti, akakaa saa nzima. Alirudi nyumbani siku ile miguu ikimuuma na moyo ukiwa mwepesi, akajiuliza ni vipi mtu anaweza kuishi mahali miaka thelathini na kuyafahamu mageti tu.

Ukabaki mlango wa kumi.

Alikwenda asubuhi ya Alhamisi, amevaa vizuri kuliko ilivyohitajika. Kutoka nje alisikia cherehani ikikimbia. Alipofika kizingitini, ikanyamaza. Mwalimu alisimama, mkono umeinuliwa nusu, akangoja isikike hatua, au kikohozi, au chochote. Kimya. Akaelewa, au alidhani ameelewa: ameonwa dirishani, na kazi imesimamishwa ili ionekane hakuna mtu. Uso ulimwaka moto. Akateremsha mkono, akaondoka kwa mwendo wake wa kawaida, asionekane na mtu anakimbia.

Jioni aliketi mezani akaijaza fomu ya kumi mwenyewe. Nani anaishi humu: mwanamke mmoja. Anajua nini: kushona mapazia, na hapo akaongeza neno "vizuri sana," kwa sababu alikuwa mtu wa haki. Kwenye swali la tatu kalamu ilisimama. Akiacha wazi, fomu ingebandikwa ukutani mwa ukumbi kama nyingine zote na mtaa mzima ungesoma kwamba dada wa mwenyekiti wa kwanza hana mtu wa kumwita, ilhali nyumba ya kumi kutoka kwake anaishi mjane wa kaka yake, mjumbe wa baraza. Akaandika: Ndugu zake. Mwandiko ulikuwa mzuri, umenyooka, kama ubaoni.

Jumamosi ya tatu fundi viatu ndiye aliyepewa kazi ya kupanga nani amgongee nani. Alikuwa mtu wa mikono mikubwa na roho ya kuchunguza. Haikumpita fomu ile. Alimfuata Mwalimu wakati wa chai, akainama kidogo kama zamani alipopeleka daftari.

"Mwalimu, huyu wifi yako nimpangie mtu? Naona anakaa peke yake."

"Ana ndugu," alijibu Mwalimu. "Sisi ndio ndugu."

Fundi alimtazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Labda alikumbuka msiba, labda hakukumbuka. Akasema sawa Mwalimu, akarudi kwenye orodha yake. Ingekuwa mtu mwingine angembishia. Kwa yule aliyemfundisha kugawanya hakuthubutu.

Jumatatu iliyofuata, mshona mapazia aliteleza kwenye sakafu yenye maji nyuma ya nyumba yake, nyonga ikavunjika. Alilala pale Jumatatu, akalala Jumanne. Jumatano mchana mteja aliyefuata mapazia yake, akiwa na hasira za ahadi iliyopita, alizunguka nyuma ili agombe vizuri, akamkuta. Katika siku hizo mbili watu kumi na mmoja wa mtaa ule walikuwa wamegongewa milango na kuulizwa wameamkaje.

Mwalimu alifika hospitali jioni ileile. Wifi yake alikuwa macho, amesinyaa, midomo imepasuka kwa kiu ambayo maji ya mshipani hayakuwa yameifikia bado. Mwalimu alivuta kiti. Alichovya kitambaa akamlowesha midomo.

"Niliita," alisema mgonjwa hatimaye. "Nilimwita kaka. Akili ilikuwa imeshaniruka, nikawa namwita kaka."

"Pumzika, wifi."

"Siku ile ulikuja. Nilizijua hatua zako, kwani nani mwingine anatembea hivyo? Nikazima cherehani." Alivuta pumzi. "Nikakaa, mikono mapajani, nangoja ubishe hodi."

Mwalimu aliendelea kulowesha kitambaa, ingawa kilikuwa kimelowa.

"Mbona hukubisha?"

Mwalimu alisema tu kwamba alidhani. Mgonjwa akafumba macho, akasema na yeye alidhani, miaka sita anadhani. Kisha akaomba ageuziwe mto.

Mwalimu alikwenda kila siku. Alimsuka, akamkata kucha, akamsimulia habari za dereva na mama yake kipofu, na wifi akacheka mara moja, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Kifua kilikuwa kimeshaanza kujaa. Alimweleza pia, siku ya nne, kwamba kaka ndiye aliyemtuma mkutanoni. Lakini siku hiyo wifi alikuwa na homa, na Mwalimu hakupata kujua kama alisikia. Jumapili alfajiri akafa.

Warsha ya mwisho ilisogezwa mbele kwa wiki mbili, kwanza kwa ajili ya mgonjwa, kisha kwa heshima ya msiba. Siku ilipofika, ukumbi ulijaa kuliko kawaida, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba baraza lina orodha ya wapweke na bado mtu amelala sakafuni siku mbili. Mwenyekiti wa sasa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa kelele. Alisema ni lazima ijulikane kosa lilitokea wapi. Orodha aliipanga nani? Macho yote yakahamia kwa fundi viatu. Mtu wa nyuma akasema kazi ya watu si kama kubandika soli, wengine wakacheka kile kicheko cha watu wanaotafuta pa kuutua mzigo. Mwingine akapendekeza fundi apumzishwe ujumbe.

Fundi viatu aliinamisha kichwa. Mwalimu, aliyekuwa ameketi mbele kama siku zote, alingoja amtaje. Ilitosha aseme: nilimwuliza Mwalimu, Mwalimu akanijibu. Hakusema. Alisugua kidole gumba chenye gundi kavu, akatamka kwamba kama ni kosa, basi ni kosa lake, samahani.

Mwalimu akaona jinsi jambo lile lingeweza kuisha. Lingeisha vizuri kabisa. Fundi angevumilia miezi michache ya maneno, wateja wangeendelea kuja kwa kuwa viatu havisikilizi umbea, na jina la nyumba yake lingebaki safi kama lilivyokuwa juzi na mwaka juzi. Marehemu wote wawili wangelala kwa heshima. Alijua pia kwamba hivyo ndivyo alivyofanya msibani, na ndivyo alivyofanya mezani na kalamu mkononi, na kwamba kila mara alisema ni ustahimilivu.

Akasimama.

"Huyu hana kosa," alisema. "Aliniuliza kama wifi yangu apangiwe mtu, nikamwambia ana ndugu. Fomu ile niliijaza mwenyewe, nyumbani kwangu. Sikubisha hodi. Hatukuwa tukisemezana, mimi na yeye, tangu alipofariki mume wangu, na sikutaka mjue."

Mwezeshaji aliacha kufunga kalamu zake. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwa upole kwamba Mwalimu ana uchungu, mambo ya kifamilia yabaki ya kifamilia, na baraza linaweza kuendelea na ajenda. Wengi waliitikia haraka, wakishukuru kupata njia ya kutokea. Katibu, mama wa duka la dawa, ambaye kalamu yake ilikuwa hewani, aliuliza kwa sauti ndogo kama hayo ayaandike kwenye muhtasari au ayaache.

"Yaandike," alisema Mwalimu.

"Niandike mjumbe mmoja alieleza, au..."

"Andika jina langu. Na lake. Na la ukoo, ili wakisoma wasidhani ni nyumba nyingine."

Katibu akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama meza. Fundi viatu alikuwa ameinua kichwa, na usoni mwake hapakuwa na shukrani wala lawama. Alikuwa na sura ya mtu aliyeshuhudia nyumba kubwa ikibomolewa. Mwalimu alianza kusema tena, polepole, akikata sentensi fupifupi kama anayesoma imla: mwanamke huyo aliishi peke yake, mjumbe wa safu hakumfikia, na aliyepanga orodha alifuata maelezo aliyopewa. Jina la mumewe alilitaja herufi kwa herufi. Katibu aliandika kwa taabu, akarudia neno moja alilokosea, na Mwalimu, kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja, akangoja amalize ndipo naye akaketi.