Siku Nilipozima Umeme Nikahini kwa Rukia

Ninyi mliokulia Kampala miaka yetu mtanielewa nikisema umeme ulikuwa kama mgeni mwenye maringo: ukija tunaupigia makofi, ukiondoka tunarudi nje kucheza kwepena, tukirushiana mpira wa matambara mpaka vumbi jekundu la Kibuli lijae kwenye kope. Jioni tulinunua kabalagala, vile vitumbua vya ndizi mbivu, tukavila vikiwa vya moto huku tukipuliza vidole. Mama alikuwa na usemi wake: "Mkono mchafu hauingii kinywani mwa mtoto aliyefunzwa." Basi tulijipangusa kwenye sketi, tukawa tumefunzwa.

Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa sababu babu yetu alikuja na wafanyabiashara wa pwani akaoa hapa hapa. Baba aliuza vitambaa Nateete. Nje tuliongea Kiganda kama jirani zetu, lakini ukivuka kizingiti na Kiganda chako Baba alikohoa, nasi tukaelewa.

Fizikia nilifundishwa na Mwalimu Wafula, Mkenya mrefu mwenye sauti ya kwaya. Alitutungia kawimbo: "Volti gawanya kwa ampea, hizo omu. Volti zidisha kwa ampea, hizo wati." Tuliuimba tukiruka kamba. Ukinzani kwetu haukuwa neno gumu. Ulikuwa ukaidi wa waya, na ukaidi tuliufahamu sana.

Shida ilikuwa Baba. Alitaka nikifika mwisho wa muhula niiache fizikia, nichukue upishi. "Umeme ni kazi ya wanaume wanaopanda nguzo, Zuhura," alisema, bila ukali, kama mtu anayekuambia mvua itanyesha.

Wiki moja kabla ya nikahi ya dada yangu Rukia, Mwalimu alituagiza tulete chombo cha umeme kisichojulikana nguvu yake. Nikabeba birika letu kubwa la chai, lile la kunywesha watu arobaini, ambalo maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa kusuguliwa. Nililikumbatia juu ya boda boda, pasi ikiwa ndani ya mkoba, na dereva akacheka njia nzima: "Bambi, nnyabo, pole bibi, unahamia kwa bwana?"

Mwalimu alipima mwenyewe, sisi tukaandika. Volti mia mbili arobaini. Birika lilivuta ampea nane. Nikagawanya, omu thelathini. Nikazidisha, wati elfu moja mia tisa ishirini. Pasi ilivuta ampea nne: omu sitini, wati mia tisa sitini. Nikarudi nyumbani nikamsomea Baba. "Vikiwashwa pamoja ni ampea kumi na mbili, Baba. Fyuzi yetu ni ya kumi."

"Mwanangu, chai haichemki kwa hesabu. Inachemka kwa moto."

Ami Salumu, mdogo wake Baba, alicheka mpaka akafuta machozi.

Siku ya nikahi ikafika. Asubuhi birika likawashwa, Shangazi naye akawasha pasi anyooshe kanzu za wanaume. Pu! Fyuzi ikakatika. Wakwe walikuwa njiani kutoka Kansanga. Ami hakuhangaika, alitafuta kipande kinene cha waya wa shaba, akakifunga mahali pa fyuzi, na umeme ukarudi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga, maana fyuzi hukatika ili waya za nyumba zisiungue, na sasa hapakuwa na cha kukatika.

Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe nilipopata harufu ya kandambili inayoungua. Nikaweka kiganja ukutani, pale waya zilipopita ndani ya lipu. Moto! Nikaliweka sinia chini, nikapanda kigoda, nikavuta swichi kuu. Kinasa sauti kilichokuwa kikipiga nyimbo za harusi kikanyamaza. Shangazi akapiga kelele pasi mkononi, kanzu ya Baba ikiwa imenyooshwa upande mmoja tu.

"Zuhura! Unataka kuniaibisha mbele ya wakwe?" Baba alikuja ameinua mkono.

Sikukimbia. "Baba, shika hapa kwanza. Halafu unipige."

Akashika. Akauondoa mkono haraka, akaurudisha polepole. Harufu ikamfikia. Akatazama chumba cha pili, ambako Rukia alikuwa amekaa kwenye mkeka akichorwa hina na wasichana wadogo wamemzunguka, ukuta ule ule ukiwa mgongoni mwao. Baba akakaa juu ya kigoda changu. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ndogo.

"Nisomee tena zile hesabu."

Nikamsomea. Ami akaung'oa mwenyewe ule waya wake, hakucheka. Chai ikachemshwa kwa makaa, ikawa na moshi kidogo; wakwe waliisifu, sijui kwa adabu au kwa kweli. Baba aliozesha binti yake akiwa na kanzu iliyokunjamana ubavuni.

Jumatatu alipanda na mimi kilima hadi shuleni, amebeba sahani ya biriani iliyofunikwa. Akampa Mwalimu Wafula kwa mikono miwili. "Huyu asiache somo lako," alisema, akageuka haraka.

Leo natandaza nyaya za umeme katika nyumba za watu. Mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, Baba alinitambulisha hivi: "Huyu ndiye aliyenizimia umeme mbele ya wakwe," na kifua kimemjaa.

Wiki iliyopita binti yangu Shamimu aliiuliza simu hesabu ya omu. Ikajibu kabla sijavaa miwani, na jibu lilikuwa sahihi.

"Wenzako wamepata ngapi?" nikamuuliza.

"Sijui, Mama. Niwaulize za nini?"

Nikalikumbuka darasa la Mwalimu Wafula. Sisi jibu moja tulilitafuta vichwa sita juu ya dawati moja, tunabishana, tunafutiana, mmoja analia, wa pili anamgawia muhogo anyamaze. Wale wenzangu tukikutana leo hatuachiani mikono. Watoto wetu hawakosi majibu, na ninashukuru. Ila vyumbani wanamosomea na simu zao mmekuwa kimya mno, na natamani wangepata hata mtu mmoja wa kukosea naye.